Mia Tano na ya Kutolea

Haya ni maneno kuhusu malipo madogo ya mtandaoni niliyoyasema Morogoro mbele ya waandishi wa simulizi za mtandaoni na vijana wanaotengeneza programu za malipo. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, nikarudishia machache niliyoyaruka kwa sababu ya muda.

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi. Vijana wa programu mliokaa kule nyuma, nawaomba msogee mbele, maana mengi ya leo nawaambia ninyi.

Hela ya kwanza niliyolipwa kwa kuandika ilikuwa shilingi mia tano, mwaka 2016. Nilikuwa nimeweka sehemu kumi za simulizi yangu Facebook, kila jioni sehemu moja, bure. Chini ya sehemu ya kumi nikaandika yale maneno ambayo karibu kila mmoja wetu hapa ameshayaandika: mwendelezo uko WhatsApp, tuma mia tano kwa namba hii. Nilipomaliza nikailaza simu kifudifudi kitandani, nikaenda kuosha vyombo. Sikutaka kuona. Niliporudi nikakuta ujumbe wa mama mmoja wa Masasi: "Dada nimekutumia mia tano na ya kutolea. Nitumie sasa hivi, simu ni ya mume wangu na anakaribia kurudi."

Naomba tukae kidogo kwenye hayo maneno, "na ya kutolea". Hakuna aliyemwagiza. Alijua kwamba mia tano ikiingia kwenye simu yangu haitakuwa mia tano nitakapofika kwa wakala, kwa hiyo akaniongezea gharama ya kuitoa. Juu ya hapo, yeye naye alishakatwa wakati wa kutuma. Mtu anayetuma laki moja, makato anayasahau kabla hajairudisha simu mfukoni. Anayetuma mia tano inabidi akae ayafikirie. Na yule mama aliyafikiria, akayalipa, ili asome sehemu ya kumi na moja ya hadithi ya mtu asiyemjua.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba malipo madogo ya mtandaoni yana nafasi kwetu kuliko pengine popote, kwa sababu sisi ni watu wa kupima. Nenda duka la Mangi lolote jioni usikilize. Nipimie mafuta ya mia tano. Sukari robo. Sabuni kipande. Mkaa kopo moja. Kila mama anajua kwamba akinunua dumu zima kila kijiko kitamshukia bei, ila hela ya dumu leo haipo, na watoto wanakula leo. Umeme wenyewe tunaupima: unanunua LUKU ya elfu moja, unapewa tarakimu ishirini, unaziingiza kwenye mita, taa inawaka. Hakuna anayeona ajabu. Wazungu walipokuwa wanakaa kwenye mikutano kujiuliza kama binadamu anaweza kununua vitu kwa vipande vidogo vidogo, bibi yangu alikuwa tayari ananunua chumvi kwa kijiko.

M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, na mwaka uliofuata ikafika kwetu, kile kijiko kikapata njia ya kusafiri. Kenya ndiko ninakoona mfano mzuri zaidi. Kuanzia 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuwapa watu mtambo mdogo wa umeme wa jua kwa mkopo unaolipwa kwa simu, hela kidogo ya kila siku. Siku hujalipa, mtambo unajifunga. Ukimaliza deni, ni mali yako. Mtu ambaye hela aliyokuwa akitoa kila siku ilikuwa ya mafuta ya taa, mafuta yanayoungua yakaisha, sasa hela ileile inamwachia kitu ukutani. Hiyo ndiyo ahadi yenyewe. Alichokifikia mwenye nacho kwa mkupuo, asiye nacho anakifikia kwa siku. Na kwa sisi waandishi ni hivyo hivyo: tusiokuwa na mchapishaji, tunaosomwa na watu wasio na duka la vitabu jirani, tunaweza kupokea mia tano kutoka Masasi bila kuomba ruhusa ya mtu.

Basi nilipoona hivyo nikajiuliza kwa nini kote duniani jambo hili limesuasua. Nikaanza kusoma.

Vijana mnaijua namba 404 inayotokea mtandaoni, ukurasa haupatikani. Jirani yake ni 402, na maana yake ni "malipo yanahitajika". Katika kanuni za wavuti za 1997 iliandikwa kwamba namba hiyo imetengwa kwa matumizi ya baadaye. Yaani waliojenga nyumba hii waliacha tundu ukutani kwa ajili ya kisanduku cha sarafu. Kisanduku hakikuja. Na si kwa kukosa mafundi. David Chaum, bingwa wa hesabu za siri, alianzisha kampuni ya DigiCash kule Amsterdam, akatengeneza sarafu za kompyuta ambazo hata benki haikuweza kufuatilia zimetumika wapi. Mwaka 1995 benki moja ya St. Louis, Marekani, ikaanza kuzitoa. Kufikia 1998 kampuni ilikuwa imefilisika. Wakaja Flooz na Beenz na alama zao za kununulia vitu mtandaoni, na wote wawili wakafunga 2001, wakawaacha watu na alama zisizonunua hata pipi.

Sababu ya kwanza ya kushindwa mnaijua, ni ile ya yule mama. Marekani kadi ya benki ukiitumia mtandaoni, makato ya kawaida yamekuwa karibu asilimia 3 na senti 30 juu yake. Senti 30 hizo hazijali umenunua gari au umenunua makala. Ukiuza kitu kwa senti 25, umelipa ili uuze.

Sababu ya pili ndiyo iliyonikalisha chini. Nick Szabo, Mmarekani mwenye kichwa cha kompyuta na cha sheria, aliandika 1999 kwamba hata makato yakifika sifuri, gharama kubwa itabaki, nayo iko kichwani mwa mnunuzi. Kila ukimwekea mtu bei, umempa kazi ya kuamua. Inafaa? Nikiikosa itakuwaje? Nikilipia hii na ile, mwisho wa wiki nitabaki na nini? Kazi hiyo haipungui kwa sababu bei imepungua. Kwa kitu cha shilingi ishirini, kule kusita kunaweza kuwa ghali kuliko zile ishirini.

Niliposoma hayo niliiacha simu nikatoka nje, kwa sababu nilikuwa nimeshayaona kwa macho yangu na sikuwa na jina lake.

Simulizi yangu ya pili, 2017, nilijiona mjanja. Nikasema mia tano kwa mkupuo inawazuia watu, wacha nipime kama Mangi: kila sehemu mia mbili. Kwa kuwa kutuma mia mbili kwa pesa ya simu hakukuwa na maana, nikakubali kurushiwa vocha. Wiki mbili simu yangu ikajaa salio ambalo haliwezi kununua unga, nikawa nazunguka kwa majirani kuwauzia kwa bei ya kutupa. Hilo nililivumilia. Lililoniumiza ni daftari. Sehemu ya kumi na moja ilinunuliwa na watu sitini na watatu. Sehemu ya ishirini, kumi na tisa. Nikadhani hadithi imechacha. Nikamwandikia mmoja mmoja kumuuliza, na dada mmoja wa Tabora akanijibu jambo ambalo sijalisahau: "Sijashindwa mia mbili dada. Nimechoka kuulizwa kila siku."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu kuhusu Mangi. Mafuta ya mia tano yale mama anayajua. Ameyanunua jana, atayanunua kesho, ni yaleyale, na yanapoingia kwenye kikaango haulizi tena. Sehemu ya kumi na saba ya hadithi yangu hakuna anayeijua mpaka ameilipia. Kila siku nilikuwa namuuzia mgeni mpya. Ndiyo maana naona duka la muziki la Apple liliweza, lilipofunguliwa Aprili 2003: wimbo senti 99, bei moja kwa nyimbo zote, na wimbo wenyewe ulishausikia redioni. Wiki ya kwanza waliuza milioni moja. Na walikuwa wanakusanya manunuzi yako kadhaa pamoja ndipo wakate kadi mara moja, ile senti 30 isiwamalize.

Uholanzi kuna vijana walianzisha Blendle mwaka 2014, makala za magazeti kwa senti chache kila moja. Walifanya jambo ambalo nalisifu mpaka leo: ukisoma ukaona umepotezewa muda, unabonyeza unarudishiwa hela. Wenyewe walieleza kwamba makala zenye kichwa cha kutega na tumbo tupu ndizo zilizorudishwa zaidi, na zile za uchunguzi wa kina watu walizilipia bila kuzirudisha. Lakini ilipofika 2019 waliacha kuuza makala moja moja, wakahamia malipo ya mwezi. Gazeti la New York Times na Axel Springer, kampuni ya magazeti ya Ujerumani, walikuwa wameweka fedha pale, mafundi walikuwepo, makala nzuri zilikuwepo. Kusita kukabaki.

Sasa vijana, najua mnachofikiria, kwa sababu mmoja wenu ameniambia jana usiku kwenye chakula. Amesema: dada, basi dawa ni kuondoa kusita. Msomaji aweke hela mara moja, mfumo ukate wenyewe kimyakimya, asiulizwe tena. Nimelala nalo jambo hilo. Naomba nilijibu kwa watu wawili.

Wa kwanza ni mama yangu mdogo, Korogwe. Ana simu ya batani na macho yake hayaoni maandishi madogo. Kila akiweka vocha ya elfu moja, akitaka kumpigia mwanawe siku mbili tatu baadaye anaambiwa salio halitoshi. Akamshuku mjukuu. Yule mtoto alipigwa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko hela. Nilipokwenda nikaishika simu, nikakuta ujumbe kila asubuhi, dondoo za afya, na nyuma yake shilingi mia moja imekatwa. Alijiunga miezi kumi na minne nyuma, kwa kubonyeza batani moja akidhani anafuta ujumbe. Mia moja kila siku kwa miezi kumi na minne ni zaidi ya elfu arobaini. Kuingia ilikuwa batani moja. Kutoka ilihitaji kutuma neno fulani kwenda namba fulani, na namba hiyo haikuwa imeandikwa popote kwenye simu yake. Mia moja haikutosha kumfanya mtu yeyote achunguze, na ndiyo maana iliwekwa mia moja.

Wa pili yuko Marekani. Januari 2014 Apple ilikubali kurudisha kwa wateja si chini ya dola milioni 32.5 katika shauri lililoletwa na tume ya biashara ya nchi hiyo, kwa sababu ya manunuzi yaliyofanywa na watoto ndani ya michezo ya simu. Mzazi mmoja alilalamika kwamba binti yake alitumia dola 2,600 katika mchezo wa kutunza wanyama. Yalitokeaje? Mzazi akishaingiza nywila mara moja, kwa dakika kumi na tano zinazofuata mtoto aliweza kununua bila kuulizwa tena. Dakika kumi na tano tu za kutouliza.

Mmeona basi ninapokwama. Kule kusita kunakoniharibia biashara ndiko kulikopaswa kumlinda mama yangu mdogo. Ni kitu kimoja. Huwezi kuking'oa kwa msomaji wangu ukakiacha kwake. Mwanangu anayeweka mkeka kila jioni kwa hela ya chipsi, naye alipoteza kusita kidogo kidogo, kwa sababu kila dau lilikuwa dogo. Mwaka 2025 Cloudflare, kampuni inayolinda tovuti, iliifufua ile namba 402 ili roboti zinazozoa maandishi ya watu zilipe kila zinapogusa ukurasa, na nadhani huko inaweza kufanya kazi vizuri, kwa sababu roboti haina watoto wa kulisha. Binadamu ndiye anayesita. Ana haki ya kusita.

Na kuna madhara mengine ambayo ni juu yetu waandishi, na hili nalisema kwa uchungu. Ile simulizi ya 2017 niliipanga iwe ya sehemu thelathini. Iliishia sabini na mbili. Nilipoona kila sehemu ni mia mbili, mkono wangu ukajifunza wenyewe kukata. Nikafupisha sehemu. Kila mwisho mtu anabisha hodi mlangoni, na kesho yake anayebisha ni muuza mkaa. Mhusika wangu mkuu, Zawadi, nikamlaza hospitali sehemu kumi na moja. Mzee mmoja mwalimu mstaafu akaniandikia: "Binti yangu, nalipa kila siku na Zawadi haendelei. Unaandika au unapima?" Nikakokotoa usiku ule: kumi za kwanza zilikuwa bure, kwa hiyo aliyefika mwisho amelipa sehemu sitini na mbili, shilingi 12,400. Hakuna hata mmoja wao ambaye angekubali bei hiyo kama ningeitamka siku ya kwanza. Sikuitamka. Niliwatoza kwa vipande ili wasiione, kama alivyotozwa mama yangu mdogo.

Serikali nazo zimegundua kipande kidogo. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 zao kwa siku kwa kila anayetaka kuingia WhatsApp, Facebook na mitandao mingine, na mwezi huohuo asilimia 1 ya kila muamala wa pesa za simu, ambayo kelele zilipozidi ilishushwa kuwa nusu asilimia ya kutoa tu. Ile ya mitandao waliifuta 2021, wakahamia kutoza bando lenyewe. Kwetu tozo ya miamala ilianza tarehe 15 Julai 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000 kufuatana na kiasi, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwezi ule wa Julai wasomaji wangu wengi waliacha kutuma, wakawa wanasubiri mtu anayepita njia ya kwangu wampe noti. Kodi ina kazi yake na shule za wanangu zimejengwa nayo. Ninachowaomba wanaopanga ni waelewe kwamba kwenye muamala wa mia tano, shilingi kumi ni mlango mzima.

Vijana wangu, sasa niwaambie ninachohitaji. Nahitaji mfumo unaomwonyesha msomaji jumla yote kabla hajaanza, kwa tarakimu kubwa, pamoja na makato na ya kutolea, ili yule mama asiwe ndiye anayepiga hesabu ya gharama zenu kichwani mwake. Aamue mara moja kwa kitu kizima, kisha asome kwa raha. Akitaka kujiwekea kikomo cha mwezi, aweke yeye mwenyewe, na kikifika mfumo usimame hata kama mimi mwandishi napoteza. Mlango wa kutoka uwe palepale alipoingilia, kwa batani ileile. Na arudishiwe hela asiporidhika. Mtaniambia watu watadanganya, wasome wote kisha wadai. Nitawajibu kwa daftari langu.

Kuna jambo moja la tahadhari. Njia ya kupunguza makato ni kukusanya malipo madogo madogo na kumlipa mwandishi mara moja kwa wiki, na nimesikia wengi mnaipanga hivyo. Ni nzuri. Ila siku mnaposhika hela za watu mkononi mmekuwa kitu kingine, na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 inataka leseni kwa kazi hiyo. Msiione kama karatasi za kuwasumbua. Wakumbukeni waliobaki na alama za Beenz. Hela ya mama wa Masasi isilale kwenye akaunti ya kijana aliyefunga kampuni na kubadilisha namba.

Mimi tangu 2019 nauza hadithi nzima. Sehemu kumi na mbili bure, iliyobaki elfu mbili, mara moja, na idadi ya sehemu naiandika mwanzoni ili nisipate nafasi ya kumlaza mtu hospitali. Asiyeridhika namrudishia, makato ya kurudisha juu yangu. Wateja ni wachache kuliko nilivyotamani. Waliodai kurudishiwa kwa miaka yote hii ni kumi na saba, na tisa kati yao walikuja kununua hadithi nyingine. Mama wa Masasi ana simu yake mwenyewe sasa. Nimemwambia mara nyingi kwamba ile elfu mbili ni pamoja na ya kutolea, asiongeze kitu. Bado anaongeza.

Daftari ninalo hapa kwenye mkoba. Kila muamala upo tangu ule wa kwanza, na zile kurasa za 2017 sijazichana. Vijana, baada ya chai njooni tulipitie pamoja, muone wale sitini na watatu kila mmoja aliishia sehemu ya ngapi. Ahsanteni kwa kunisikiliza.